Jeki Si Mshikaji

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, hapa Iisalmi.
Ziwa limevaa utando kingoni
kama maziwa yaliyosahauliwa mekoni.
Saimi ana miaka kumi na saba na haraka zake zote:
"Mama, ni tairi tu."
Naam, ni tairi tu.
Na tani moja na robo juu yake.

Weka simu kwenye ngazi. Njoo.
Ua wetu ni wa kokoto, na kokoto humchekea kila mtu
kisha huteleza. Lete kile kipande cha plaiwudi
nilichokikata kwenye mlango wa banda la zamani;
kingali na bawaba moja, iache hapo hapo.
Gia ya kwanza. Breki ya mkono, ivute mpaka ilie.
Kabari kwenye gurudumu la nyuma, upande wa pili,
moja mbele, moja nyuma, zibane kwa teke.
Gari halina nia mbaya, mwanangu.
Lina uzito tu, na uzito haujui jina la mtu.

Nati sasa, gurudumu lingali chini.
Zilegeze, usizitoe.
Ya nne ina kutu na ukaidi wa upande wa baba yako:
iegemee spana kwa mwili mzima, hivyo, hivyo.
Umesikia ilivyokohoa?

Mjomba wako Onni, mwenye jina la bahati,
alikuwa na miaka ishirini na mbili na Datsun ya buluu.
Mwezi wa Juni, mbele ya duka la mbegu,
lami imelainika kwa jua.
Jeki peke yake. "Dakika mbili," alisema, akaingia chini.
Mimi nilikuwa juu ya kreti ya soda, nakula zabibu kavu.
Sauti yake haikuwa kishindo.
Ilikuwa kama mtu mnene anayeketi kwenye kochi.

Jeki ilikuwa imezama kidogo kidogo,
ikainama, ikaenda zake.
Lakini gurudumu alilolivua
alikuwa amelisukuma chini ya kizingiti cha mlango
ili tu lisimkwaze,
na gari likakaa juu ya gurudumu.
Kati ya chuma na kifua chake palibaki upana wa kiganja.
Ndani ya upana huo amezaa watoto watatu,
amepara samaki wasiohesabika, amekuwa mzee mwenye kelele.
Mji mzima ulisema: Onni na bahati yake!
Sikubisha. Nilikuwa na miaka tisa na zabibu mdomoni.
Ila nililiona gurudumu.

Kwa hiyo: tafuta alama mbili chini ya kizingiti,
pale ambapo bati ni nene. Si hapo, hapo patabonyea.
Pampu, taratibu. Mkono kwenye mpini, jicho kwenye jeki.
Sasa stendi hii, na hii. Pini zote ndani.
Shusha, shusha mpaka chuma kiketi juu ya chuma.
Jeki ni mwinuaji, Saimi, si mshikaji.
Ikishainua, shukuru, usiiamini.

Gurudumu likitoka lilaze chini ya kizingiti.
Ndiyo, hata kama kuna stendi.
Ndiyo, hata kama ni dakika mbili.
Kisha litikise gari kwa mikono miwili,
litikise kama unalidai.
Afadhali lianguke sasa, sisi tukiwa wima.

Halikuanguka.

Bomba la moshi linagonga tangu Agosti,
na anataka kuliangalia yeye mwenyewe.
Anajilaza kwenye kipande cha zulia, anasukuma kwa visigino.
Zinabaki buti mbili tu, zilizokuwa zangu.
Nahesabu stendi. Mbili. Nahesabu tena.
Theluji ya kwanza inashuka, chembe moja moja,
juu ya boneti, juu ya simu pale kwenye ngazi.

"Mama, spana namba kumi na tatu."

Naipitisha. Mkono unatokea, mweusi kwa grisi,
unaipokea bila kunitazama.